Safu ya Bi Wakili: Miezi sita ya uanagenzi, na maswali mengine ya wanafunzi wa sheria

Barua nilizopokea mwezi huu zimetoka karibu zote kwa wanafunzi wa sheria na wazazi wao. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu swali lake huletwa ofisini kwangu kila mwaka na vijana wenye bahasha mkononi, nami huwa sina nafasi ya kuwajibu wakiwa wamesimama mlangoni.

*Shikamoo Bi Wakili. Nimemaliza masomo ya darasani katika Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kule Karen, na sasa natakiwa kufanya uanagenzi wa miezi sita. Nimerudi nyumbani Mombasa kwa kuwa Nairobi sina pa kukaa. Wenzangu wananiambia kwamba ofisi za maana ziko Nairobi, na kwamba hapa nitabeba faili na kutumwa chai tu. Nimepeleka maombi kwa ofisi kumi na moja, mbili zikanikubali. Moja ina mawakili wengi na inafanya kazi za mabenki. Nyingine ina wakili mmoja na karani wake. Niende wapi?*
*Mwanagenzi mtarajiwa, Kisauni*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa masomo yale tisa, maana najua mtu hutoka Karen amekonda. Kabla sijakwambia uende wapi, hakikisha jambo moja ambalo wanagenzi hulisahau kwa furaha ya kukubaliwa. Wakili atakayekusimamia ni lazima awe na uzoefu wa miaka isiyopungua 5, na awe na cheti cha uwakili cha mwaka huu. Cheti hicho huchukuliwa upya kila mwaka, na wakili asiyekichukua hana ruhusa ya kufanya kazi hata kama kibao chake kingali kinaning'inia mlangoni. Ofisi ya wakili mmoja ndiyo inayohitaji kuulizwa zaidi, kwa kuwa hakuna mwenzake atakayekupokea iwapo yeye hatimizi sharti hilo, nawe hutataka kugundua mwezi wa sita kwamba muda wako hauhesabiki. Kuuliza si utovu wa adabu, bora uulize kwa upole na mapema.

Wakili huyo akiwa ametimiza masharti, basi mimi ningekwenda kwake. Najua ushauri huu hautampendeza mzazi wako, ambaye angependa kuona jina la ofisi kubwa kwenye wasifu wako, wala sisemi kwamba ofisi kubwa hazifunzi. Tatizo lake ni kwamba kazi imegawanywa kwa vitengo, na mwanagenzi aliyewekwa katika kitengo cha mikopo ya benki huenda akaandika hati za rehani tangu Januari hadi Juni bila kumwona mteja hata mmoja akilia. Katika ofisi ndogo utakuwapo mteja anapoingia na mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi za miaka ishirini, zimekunjwa, nyingine zimeliwa na mchwa, naye hajui ipi ni muhimu. Wakili atakuambia uzipange kwa tarehe. Hiyo kazi ya kupanga karatasi za mtu kwa tarehe, hadi kisa chake kijitokeze chenyewe na uone ni mwezi gani alidanganywa, sijaona darasa linaloweza kuifundisha.

Mimi mwenyewe nilifanyia uanagenzi katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, ambayo sitaitaja. Juma la pili nilipewa niandike hati ya kiapo ya mjane mmoja aliyekuwa akipinga kuuzwa kwa nyumba ya marehemu mumewe. Niliandika kurasa sita, nikajivunia kila moja. Kwa kuwa wakili anayeendesha kesi haruhusiwi kumwapisha mteja katika kesi hiyo hiyo, nilimpeleka yule mama kwa kamishna wa viapo katika jengo la ng'ambo ya barabara, akaapa, akatia sahihi, muhuri ukagongwa, nami nikakimbilia masjala ya mahakama. Karani hakuzisoma kurasa zangu sita. Alifunua ya mwisho moja kwa moja, akaweka kidole karibu na muhuri, akauliza, “Ameapa wapi, na siku gani?” Nafasi zote mbili zilikuwa tupu. Sheria ya viapo inataka mahali na tarehe ya kuapa viandikwe, na sisi sote watatu, mimi, mama wa watu na kamishna mwenyewe, tulikuwa tumepapita. Nilirudi na jua la saa saba utosini, nikamkuta kamishna amekwenda kuswali adhuhuri, na mteja wangu yuko feri anavuka kurudi Likoni. Hati iliwasilishwa kesho yake. Tangu siku hiyo kila hati huisoma kuanzia ukurasa wa mwisho, na wanagenzi wangu huniona nina kichaa mpaka yawafike. Siku hizi hati hupakiwa kwa mtandao, kwani mfumo huo ulifikishwa katika mahakama zote nchini mwaka 2024, lakini nafasi tupu ni ile ile, ila sasa hakuna kidole cha karani cha kukuonyesha; utaiona siku wakili wa upande wa pili atakapoisimamia mbele ya jaji.

Ama hilo la kwamba Mombasa hakuna kazi ya kujifunzia, wenzako wamekosea. Hapa mahakama nyingi unazifikia kwa miguu au kwa tuktuk moja: Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mahakama za mahakimu, Mahakama ya Kadhi, na Mahakama ya Madai Madogo ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Mwanagenzi mwenye miguu mizuri anaweza kuona kesi ya mshahara asubuhi na ya mirathi kabla ya chakula cha mchana.

Halafu kuna mambo ya ardhi ambayo huyapati kwa wingi namna hii pengine popote. Darasani ulifundishwa kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba. Sasa nenda Majengo au Likoni umwambie hivyo mzee aliyerithi nyumba kutoka kwa babake, anayemlipa mwenye shamba kodi ya ardhi kila mwezi, na anayejua fika kwamba kuta ni zake na mchanga si wake. Nyumba bila ardhi zimenunuliwa, zimeuzwa, zimewekwa rehani na kurithiwa katika mji huu kwa vizazi, na wakili wa Mombasa hukutana nazo kila mara. Ukiongeza hati za zamani zilizotokana na sheria ya mwaka 1908 ya kusajili madai ya ardhi ya ukanda wa pwani, ambayo ilikuja kufutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilhali hati zenyewe zingali masandukuni mwa watu, utaelewa kwa nini mawakili wa Nairobi hutupigia simu wanapopata mteja wa huku.

Kuhusu chai, utatumwa, usijidanganye. Mimi nilitumwa, na aliyenifundisha alitumwa. Lakini ikifika mwezi wa tatu hujaandika hati yoyote, hujakaa katika mazungumzo na mteja, na hujaingia kortini ila kuchukua tarehe, zungumza na msimamizi wako faraghani. Usimlalamikie, mwombe faili moja. Mwambie, “Naomba unipe faili hii niiandikie rasimu, kisha uikosoe.” Wengi wetu huwa tumezongwa na shughuli hata tukasahau kwamba kijana yule wa mezani pale nje amekuja kusoma. Weka pia daftari la kila siku: umeenda mahakama gani, jaji au hakimu aliuliza nini, wakili alijibu nini, na wewe ungejibu nini.

Posho usiihesabu kabla hujaiona. Ofisi nyingine hutoa nauli na chakula, nyingine kidogo zaidi, nyingine hazitoi chochote, kwa hivyo uliza siku ya kwanza, tena kwa shilingi na senti, kwa maana miezi sita ya nauli kutoka Kisauni si mchezo. Na ujue kwamba hata baada ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu hutafungua ofisi yako kesho yake. Sheria ya Mawakili inataka ufanye kazi mfululizo kwa miaka 2 chini ya wakili mwenye uzoefu, au katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, au katika taasisi iliyoidhinishwa, ndipo uruhusiwe kujitegemea. Huyu wakili mmoja unayemwona mdogo leo huenda ndiye atakayekuajiri kwa miaka hiyo miwili, ikiwa katika miezi sita ameona kwamba faili zikipita mikononi mwako hazirudishwi na masjala kwa makosa.

*Assalaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria katika kampasi moja hapa Mombasa. Nimekulia Mji wa Kale, na nyumbani ni Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Nikiandika Kiingereza sina shida, lakini kwenye mahakama ya mazoezi nikisimama ulimi unakuwa mzito, na mara mbili wenzangu wamecheka. Nimeanza kufikiri kwamba sikuumbiwa kazi hii. Je, niache?*
*Mwenye ulimi mzito, Mji wa Kale*

Waaleikum salaam, mwanangu. Usiache. Wala usidanganywe kwamba Kiingereza hakihitajiki, kwa sababu sheria yenyewe inasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, na katika mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Utakihitaji, na kinapatikana kwa mazoezi. Chukua hukumu moja kila usiku, uisome kwa sauti mlango ukiwa umefungwa, kisha uifunge ueleze kwa maneno yako mwenyewe kesi ilihusu nini na jaji aliamuaje. Fanya hivyo muhula mmoja. Vilevile, kesi husikizwa hadharani, hivyo huna haja ya kungojea muda wa mafunzo ya nyanjani uliopangiwa na chuo. Siku usiyo na kipindi, vaa vizuri, nenda ukakae kwenye viti vya umma, usikilize. Utasikia mawakili wa miaka mingi wakigugumia, wakirudia sentensi, wakiomba dakika moja watafute karatasi. Itakupa moyo.

Lakini nataka nikuonyeshe kitu ambacho wewe unacho na wale waliokucheka pengine hawana. Katika kesi moja ya shamba, shahidi wetu, bibi wa miaka sabini na kitu, aliulizwa mdogo wake aliingiaje katika lile shamba. Akajibu, “Nilimwachia.” Mkalimani akaipeleka kwa Kiingereza kwamba alimpa. Wakili wa upande wa pili akatabasamu, kwa kuwa neno hilo moja lilikuwa limemaliza kesi yake kwa ushindi. Sasa wewe uliyekulia Mji wa Kale unajua kwamba kumwachia mtu shamba kunaweza kuwa kumpa, kunaweza kuwa kumrithisha, na kunaweza pia kuwa kumwekea amana aliangalie mpaka urudi. Wakili wetu alisimama, akaomba bibi aulizwe alimwachia afanye nini. “Aniangalilie minazi yangu, mie nilikuwa naenda kukaa kwa binti yangu Malindi.” Jaji akaandika. Hakuna aliyelisikia pengo lile ila mtu aliyekijua Kiswahili kwa undani na Kiingereza kwa kiasi cha kutosha kusimama na kupinga. Mashahidi wengi wa pwani hii watatoa ushahidi wao kwa Kiswahili, na maisha yao yatategemea wakili anayesikia tofauti hizo.

*Kwako Bi Wakili. Mwanangu alipata C+ katika mtihani wa kidato cha nne, Kiswahili B na Kiingereza C+. Anataka sana kusomea sheria, lakini jirani yetu ambaye ni mwalimu amemwambia kwamba bila B ya Kiingereza hana njia. Pia nataka kujua ni miaka mingapi nitakuwa nalipa.*
*Mama wa watoto wanne, Changamwe*

Dada yangu, mwambie mwalimu jirani kwa heshima zote kwamba kanuni zinazotumiwa na Baraza la Elimu ya Sheria kwa anayeingia shahada moja kwa moja kutoka sekondari zinataka C+ ya jumla na B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Neno ni “au”. Chuo chenyewe kinaweza kuweka masharti ya juu zaidi kwa sababu ya wingi wa waombaji, kwa hivyo aulize kabla ya kulipa ada yoyote, na aulize pia kama chuo hicho kina leseni ya Baraza kwa kampasi ile ile atakayosomea. Suala la nani anastahili kuingia Karen baada ya shahada limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja, kwa hivyo atakapofika mwaka wa nne asome tangazo la mwaka huo, asitegemee aliyoambiwa na kaka zake waliomtangulia.

Miaka ni 4 ya shahada, kisha miezi 18 ya mafunzo ya uwakili, yaani mwaka mmoja wa darasani na miezi sita ya uanagenzi. Weka akiba ya kurudia mtihani. Mtihani wa maandishi wa Baraza hubeba alama 60 kwa 100, zilizobaki zikigawanywa sawa kati ya mtihani wa mdomo na kazi ya mradi, na wapo vijana werevu wanaoangushwa na somo moja au mawili wakarudia. Ikiwa ada ya shahada itawashinda, chuo kile kile cha Karen kina stashahada ya sheria ya wasaidizi wa kisheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua watu hao. Nimefanya kazi na wasaidizi wa aina hiyo katika mitaa yetu, nao ndio wanaowafikia watu wasioweza kupanda ngazi za ofisi yangu.

*Habari Bi Wakili. Babangu alifanya kazi bandarini maisha yake yote, nami niko mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria. Sipendi mabishano ya kortini hata kidogo. Kuna kazi gani nyingine ya sheria hapa Mombasa isiyonilazimu kusimama mbele ya jaji?*
*Mtoto wa kuli, Tudor*

Ziko nyingi, na nyingine nitazitaja tu: kuandika miswada na mikataba katika afisi ya mwanasheria wa kaunti, utafiti wa kisheria katika Idara ya Mahakama, ukatibu wa kampuni, ualimu, na mashirika ya kutetea haki kama MUHURI, lililoanzishwa hapa Mombasa mwaka 1997. Ikiwa una elimu ya dini, ukadhi pia ni njia, ingawa ni hakimu utakayekuwa, si mtu wa kukwepa mabishano. Katiba inataka awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu, na mahakama yake inahusika na ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kwenda kwake.

Lakini mtoto wa mtu wa bandarini anaponiuliza swali hili, mimi humwelekeza baharini. Mahakama Kuu imepewa mamlaka ya kusikiza kesi za meli, na hapa ndipo meli zilipo. Meli yaweza kushtakiwa yenyewe, kana kwamba ni mtu. Mabaharia wakikaa miezi bila mshahara, au aliyeuza mafuta akinyimwa malipo yake, mahakama inaweza kutoa waranti ya kuikamata meli ikiwa ingali gatini au imetia nanga, na waranti hiyo hubandikwa kwenye meli yenyewe, kwa desturi ya zamani mlingotini. Haiondoki mpaka mwenyewe aweke dhamana, na asipoweka inaweza kuuzwa kwa amri ya mahakama. Nyuma ya tukio hilo moja kuna watu wengi ambao hawasimami mbele ya jaji: anayesoma mkataba wa kukodi meli, anayepitia hati ya shehena kuona ni nani aliyebeba hasara ya mzigo uliolowa, mtu wa bima, mwanasheria wa kampuni ya kuondoa mizigo forodhani, na wale wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya ambayo makao yake yako hapa hapa. Babako akitaja gati namba fulani wewe unaijua iko wapi. Anza kwa kumwomba akueleze mzigo unavyotoka melini hadi langoni, hatua kwa hatua, na uandike kila karatasi inayobadilisha mikono.

Hata hivyo, fanya uanagenzi na uapishwe. Hao wote niliowataja hulipwa vizuri zaidi wakiwa mawakili, na hujui miaka kumi ijayo utapenda nini.

*Bi Wakili, swali dogo. Je, ni lazima nivae suti nyeusi na joto hili?*
*Mwanagenzi anayeyeyuka, Mvita*

Joho si lako bado, lakini mavazi ya heshima yenye rangi ya giza ni lazima kila uingiapo kortini, hata kama unakwenda kuchukua tarehe tu. Epuka sufu. Nenda soko la Kongowea mapema siku wanayofungua marobota ya mitumba, utafute koti jepesi lisilo na bitana nzito, umpelekee fundi akupunguzie mikono. Kisha weka shati la pili kwenye mkoba, ulikunje ndani ya faili tupu lisipate makunyanzi, na ubadilishe chooni dakika kumi kabla ya kesi yenu kuitwa.